Ngano Iliyoota Kwenye Bitiruti

Mwaka juzi, wiki ya kwanza ya mwezi wa sita, mambo mawili yalitokea kwetu ambayo sikuyaelewa.

La kwanza: shamba letu la kando ya barabara liliota ngano safi kabisa, isipokuwa mistari kumi na mitatu mitupu, imenyooka kama imepigwa rula.

La pili: bustani yangu ya bitiruti iliota ngano.

Sijawahi kupanda ngano bustanini. Nina miaka sabini na minane, lakini bado najua mbegu ipi ni ipi.

Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Akaniambia, "Bibi, andika fupi fupi. Watu wa mtandaoni hawana subira."

Haya. Nitajitahidi.

Tunaishi kaskazini ya mji wa Saskatoon, mwendo wa saa moja na nusu, barabara ya changarawe mpaka mlangoni. Mimi naitwa Stefka. Mume wangu, marehemu Wasyl, aliniachia ardhi na watoto wawili wanaoilima.

Orest ni mkubwa. Akiamua jambo, huliamua kwa sauti.

Lesia ni mdogo wake. Akiamua jambo, hunyamaza, na hapo ndipo uanze kuogopa.

Miaka tisa walilima pamoja bila ugomvi wa maana. Kisha mashine yetu ya kupandia ikafa.

Kwa wasioijua: ni mashine ya kupandia kwa hewa. Mbegu zinakaa kwenye tangi kubwa. Feni inazipuliza, zinapita kwenye mabomba ya mpira, kila bomba linateremka mpaka kwenye kijembe chake kinachochana ardhi. Mabomba ni mengi kama miguu ya tandu. Trekta inavuta, wewe umekaa kwenye kiti unasikiliza redio.

Orest alitaka mashine ya upana wa futi sabini na sita. Sisi nyumbani tukaiita Ndefu.

"Mama, majira ya kupanda ni mafupi," alisema. "Hii inamaliza shamba zima kwa siku sita. Halafu ina kengele! Bomba moja likiziba, kengele inalia. Huwezi kukosea hata ukitaka."

Ile kengele tuliisikia majira yote ya baridi. Kwenye chakula cha mchana, kengele. Kwenye gari la kwenda kanisani, kengele.

Lesia alitaka ya futi hamsini, ya mitumba, isiyo na kengele. Hiyo tukaiita Fupi.

"Shamba letu lina madimbwi kila kona," alisema. "Hilo treni lako utaligeuzia wapi, kaka? Kwenye uwanja wa ndege?"

"Fupi ni mashine ya wazee."

"Basi itakufaa. Una miaka arobaini na sita."

Mwanzoni nilicheka. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa sicheki tena. Walikuwa wakija kula kwangu kwa zamu, mmoja akitoka ndipo mwingine aingie.

Siku moja nilikwenda gereji kutafuta ndoo. Nyuma ya mlango nikakuta vigingi vya mbao, ishirini hivi, vimepakwa rangi nyekundu.

Vigingi vya kugawia ardhi.

Sikumuuliza mtu. Nilichukua ndoo yangu, nikarudi ndani nikaketi.

Mimi na Wasyl tulitoa mawe kwenye ardhi ile kwa mikono. Naweza kuwaonyesha kidole changu kilichopinda. Ikigawanywa, kila nusu ni ndogo mno kulisha familia. Baada ya miaka miwili wangeuza zote mbili kwa kampuni fulani inayonunua mashamba, na nyumba zingebaki madirisha matupu. Nimeona hivyo kwa majirani wanne.

Nikawaita wote wawili.

"Zileteni zote," nikasema. "Wauzaji si hukubali kuazimisha? Lile shamba la barabarani mligawane, kila mtu apande nusu yake. Itakayootesha vizuri zaidi ndiyo tutakayonunua. Atakayeshindwa asiseme neno tena."

Walipeana mikono. Lesia alimtazama kaka yake machoni kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Nikajiona mwenye akili sana. Kumbukeni hapo.

Mashine zilikuja mwisho wa mwezi wa nne. Ndefu ililetwa na kijana mwenye miwani ya jua, akaiacha, akatuachia namba ya simu ya mjini, akaondoka hata hajazima injini ya gari lake.

Fupi ililetwa na Delmer Friesen, fundi. Mtu wa miaka sitini, mpole, anayeongea kama maneno yanauzwa. Kabla ya kuingia ndani alivua buti zake mlangoni. Nilimpa mkate wa moto, nikaufunga kwenye kitambaa changu cha jikoni, kile chenye jogoo mwekundu wa kudarizi.

Kitambaa alikirudisha kesho yake. Kimefuliwa.

Nilikiona hicho. Mimi mambo kama hayo huyaona.

Kisha theluji ikarudi. Mashine zikakaa uani wiki mbili zikisubiri ardhi ikauke. Asubuhi moja, nikiwa nakwenda kwa kuku, nikaona kinyesi cha panya chini ya Fupi.

Sasa, panya wa kwetu akiona bomba, anaona nyumba. Huingiza majani, manyoya na wanawe wote.

Nikasema, haiwezekani mashine ya watu iliwe ikiwa uani kwangu. Nikakata vitambaa vyangu vya zamani vyenye jogoo, vikawa saba. Nikaziba midomo saba ya mabomba ya Fupi, ile iliyokuwa karibu na kinyesi. Halafu nikajiambia, Stefka, usipendelee. Nikachukua soksi saba za sufu za marehemu, nikaziba midomo saba ya Ndefu.

Kumi na nne kwa jumla.

Siku ya kupanda ilipofika, niliamka mapema nikaanza kuvitoa. Simu ikalia. Alikuwa dada yangu wa Edmonton, na goti lake. Goti la dada yangu huchukua dakika arobaini. Niliporudi uani nikamalizia kutoa, nikahesabu kwenye ndoo: kumi na mbili.

Dazeni. Nikaridhika.

Mnaona kosa? Mimi nimeuza mayai miaka hamsini. Kitu kikifika dazeni, akili yangu hufunga kifuniko.

Wakapanda. Siku kumi baadaye ngano ikatoka.

Kwetu, ngano ikitoka, watu wanapita kusoma mashamba. Hawasemi wanakwenda kusoma mashamba. Wanasema wanakwenda kununua boliti. Lakini pikapu inapita mwendo wa ng'ombe, dirisha limeshushwa, kidole kimoja kimeinuliwa juu ya usukani kukusalimia, na macho yote yako kwenye mistari yako.

Jumapili ile nilihesabu pikapu kumi na moja. Wengine walipita mara mbili. Hakuna mtu anayehitaji boliti nyingi hivyo.

Upande wa Orest ulikuwa zulia.

Upande wa Lesia kila njia aliyopita ilikuwa na mstari mmoja mtupu, upana wa mlango wa banda la kuku. Mara kumi na tatu, toka barabarani mpaka mwisho wa shamba.

Kesho yake nilikwenda na Lesia duka la ushirika. Saa nne asubuhi wanaume wote wa kijiji wako pale na kahawa zao, na wanarusha dadu kujua nani atalipia meza.

Nestor Bilyk alikuwa anamsubiri.

"Lesia binti Wasyl! Ulipanda, au uliichana ardhi nywele?"

Meza ikalipuka.

"Mwacheni," mwingine akasema, "ameacha njia za wapita kwa miguu."

"Mimi nataka kukodi mstari mmoja," akasema Nestor. "Nipande matango."

Lesia alicheka pamoja nao. Lakini masikio yake yalikuwa mekundu, na kijiko chake kilikuwa kinakoroga kahawa isiyo na sukari.

Dadu zikarushwa. Zamu ya kulipa ikamwangukia Lesia. Nikamwona Nestor akijifanya kukohoa, akaigeuza dadu moja kwa kidole, kisha akapiga kelele, "Aa! Ni mimi tena! Nimerogwa!"

Akalipa. Kwa hiyo Nestor naye nilimsamehe, nusu.

Tukiwa ndani ya gari Lesia aliniambia, "Mama, nilitoa neno langu. Nunueni Ndefu. Sitabisha."

"Asante, mwanangu."

"Nilisema sitabisha kuhusu mashine. Sikusema nitaendelea kuifanyia kazi. Nataka sehemu yangu. Orest ana vigingi, nimeviona."

Nilitazama dirishani. Maili nane zote.

Jumatano Delmer alikuja kutazama Fupi imepatwa na nini. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba nikimenya viazi. Lesia alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

Delmer alipiga magoti. Akagonga bomba moja, akagonga la pili, akafika la tano. Akaingiza vidole viwili, akavuta kitu.

Kutoka pale nilipokaa nilimwona jogoo wangu.

Delmer alikitazama kile kitambaa. Kisha akainua macho, polepole, akanitazama mimi. Kiazi kiliniponyoka mkononi.

Akakikunja kitambaa ndani ya kiganja, akakitia mfukoni kana kwamba ni leso yake.

"Umeona nini?" Lesia akauliza.

"Mbolea iliganda," akasema Delmer. "Hutokea. Kosa letu sisi, tulipaswa kusafisha kabla ya kuileta."

Alikuwa anajua maana yake. Mashine yake imeshindwa mbele ya kijiji kizima, na ameibebesha kosa ambalo si lake, ili mwanamke mzee asiaibike mbele ya binti yake.

Akaja kuniaga. Akaokota kile kiazi, akakifuta, akakirudisha kwenye bakuli.

"Siku njema, Mama Orest," akasema.

Nikaendelea kumenya viazi.

Mngefanya nini? Semeni ukweli. Ningesema pale pale, ingekuwa imekwisha. Lakini nilisema nitasema jioni. Jioni nikasema nitasema kesho. Kesho nikakumbuka meza ya Nestor.

Nikaenda kupalilia, maana aibu ikinizidi mimi hupalilia.

Ndipo nikakuta ngano kwenye bitiruti.

Mistari miwili mizima, bitiruti, ngano, bitiruti, ngano. Nilisimama pale na jembe langu. Bustani mimi huipanda kwa kigari kidogo cha kusukuma kwa mkono: gurudumu moja, kisanduku kimoja, mbegu zinadondoka zenyewe. Nikaenda bandani nikakifungua kile kisanduku.

Chini kabisa kulikuwa na punje tatu za ngano. Za rangi ya waridi, rangi ya dawa. Mbegu ya shambani.

Mtu alikuwa ametumia kigari changu kupanda ngano kabla mimi sijapanda bitiruti.

Nilivaa kofia nikatembea mpaka shamba la barabarani, upande wa Orest, lile zulia. Ukipita na gari huoni kitu. Ukisimama na kuinama, unaona. Katika kila njia kulikuwa na mstari mmoja mfupi kuliko wenzake, kidole kimoja tu, kama mtoto aliyechelewa kuzaliwa.

Nilihesabu mistari tisa. Ndefu ilipita mara tisa.

Mwanangu alikuwa amekosa mstari, akarudi na kigari cha mboga kuujazia kwa mkono, akanyamaza, akamwacha dada yake achekwe.

Sasa nilikuwa na siri mbili. Yangu na yake. Nikitoa yangu, je, ya mwanangu niifiche? Nikitoa zote mbili, hao watasameheana lini?

Siku tano sikula vizuri. Mimi, ambaye ugonjwa wangu pekee ni kula vizuri.

Jumatatu wakaja jikoni kwangu. Orest alikuwa na karatasi za Ndefu. Ardhi iko kwa jina langu, kwa hiyo saini ni yangu. Nje, kwenye pikapu ya Lesia, vile vigingi vyekundu vya gereji vilikuwa vimelala nyuma.

Nilikuwa nimepika pirohi, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi na kuchemshwa. Hakuna aliyegusa. Watoto wangu, na pirohi za moto, na hakuna aliyegusa.

"Hapa, Mama," Orest akasema, akanipa kalamu.

Nikaichukua. Nikaiweka mezani.

"Lesia," nikasema, "mashine yako haikukosea. Ni mimi. Niliziba mabomba panya wasiingie. Vitambaa vya jogoo. Nilisahau kimoja."

Nikaisukuma kalamu pembeni.

"Delmer alikipata akakificha. Hakuna mbolea iliyoganda. Niliziba kumi na vinne, nikatoa kumi na viwili, nikaona ni dazeni, nikaridhika. Nilikuacha uchekwe kwa sababu niliogopa kuchekwa mimi."

Kigari sikukitaja. Nilisema yangu. Ya mwanangu niliiacha mikononi mwake.

Lesia alifungua mdomo, lakini Orest alimtangulia. Alikuwa amebadilika rangi.

"Umesema kumi na vinne?"

"Kumi na vinne."

Alisimama, akaenda kwenye koti lake lililoning'inia mlangoni, akatoa kitu mfukoni, akakiweka mezani katikati ya pirohi.

Soksi ya sufu, ya kijivu, yenye pindo jekundu. Soksi ya Wasyl.

"Niliikuta kwenye bomba la Ndefu," akasema. "Jioni ile tulipomaliza. Nikajua ni wewe, Mama. Nani mwingine anazo soksi za baba? Nikaona nikisema, Nestor atakufanya kichekesho mpaka theluji irudi. Alfajiri yake nikachukua kigari chako nikapanda ule mstari kwa mguu. Njia zote tisa."

"Kigari cha bitiruti?" Lesia akauliza.

"Ndicho."

"Subiri kwanza." Lesia akainua kidole. "Na ile kengele?"

Orest akatazama sahani yake.

"Orest. Ile kengele uliyotuhubiria tangu mwezi wa kumi na moja."

"Ililia."

"Ikalia lini?"

"Njia ya kwanza. Ikaendelea kulia. Nikaizima." Akakuna shingo. "Nilidhani imeharibika."

Nilimwona Lesia akijizuia. Midomo ilikuwa inacheza.

"Kwa hiyo ulimhurumia mama asiwe kichekesho, ukaniachia mimi kazi hiyo."

"Sikujua na yako ilikuwa na kitambaa! Haki ya Mungu, dada, nilidhani yako imekosea yenyewe. Nikafurahi kidogo."

"Kidogo?"

"Sana. Nilifurahi sana."

Hapo Lesia akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea jokofu. Orest naye akaanza, kile kicheko chake cha kama trekta inayowashwa kwenye baridi. Mimi nililia, halafu nikacheka, halafu nikawaambia wale kabla hazijapoa.

Wakala. Pirohi arobaini zilikwisha.

"Basi ni sare," akasema Orest, akifuta mdomo. "Kila mashine imekosa mstari mmoja, na zote kwa sababu ya Mama."

"Angalau sikupendelea," nikasema.

"Chagua wewe basi. Mimi sina uso wa kuchagua."

Lesia akatikisa kichwa kukubali.

Nikawauliza swali moja. "Ndefu ikikwama katikati ya mwezi wa tano, anakuja nani?"

Orest akawaza. "Kuna namba ya mjini."

"Umewahi kuipiga?"

"Mara mbili. Inapiga muziki."

"Na Fupi?"

Sote tulimwona akilini Delmer amepiga magoti kwenye matope, kitambaa cha jogoo kiko kiganjani.

Tukanunua Fupi.

Delmer aliileta rasmi wiki iliyofuata. Nilimsubiri mlangoni nikamwambia mbele ya wanangu, "Wanajua, Delmer. Niliwaambia mwenyewe."

Akaniangalia, akatabasamu kwa upande mmoja. Akatoa mfukoni kitambaa changu. Kimefuliwa, kimepigwa pasi, jogoo amekaa katikati. Halafu akarudi kwenye gari akaleta mfuko.

"Vifuniko vya mabomba, Mama Orest," akasema. "Vya kuzuia panya. Nimekuchagulia rangi ya chungwa ili visisahaulike."

"Viko vingapi?"

"Sitini." Akasita kidogo. "Dazeni tano. Nimehesabu kama unavyohesabu mayai yako."

Nestor? Tulimwambia sisi wenyewe, saa nne, mezani. Ananiita Mama Dazeni mpaka leo. Inauma kidogo tu, si kama nilivyoogopa, na kahawa yangu hulipa yeye.

Vile vigingi Orest alivipaka rangi nyeupe, akanipigilia kwenye nyanya.

Ngano ya bustanini sikuing'oa. Niliiacha ikomae pale pale kati ya bitiruti, nikaikata kwa kisu cha jikoni, nikaipura kwa mikono. Ilitosha bakuli moja. Mkesha wa Krismasi niliichemsha na asali kama tunavyofanya kila mwaka, nikaiweka katikati ya meza, na wanangu wakala kutoka bakuli moja, wakigombania kijiko kama walivyokuwa wakigombania utotoni. Kikombe kimoja nilimpelekea Delmer, kimefungwa kwa jogoo.

Kwa hiyo wenzangu, mkienda kuchagua mashine, pimeni futi, sikilizeni kengele, ulizeni yote mnayotaka. Kisha mtazameni vizuri mtu atakayepiga magoti mbele yake siku ikiharibika, na kengele ikilia, msiizime.

Na mkiziba kitu, andikeni idadi. Mimi sasa nimeandika ukutani kwa kalamu ya wino, karibu na simu.